Jicho la Jirani: Hotuba kuhusu Mashindano ya Shabaha ya Forsyth, Montana

Wazee wangu, akina mama, akina baba, vijana wetu, na nyinyi majirani mliotoka Uvira, Fizi, Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Nairobi mkajikuta pamoja nasi hapa Missoula: hamjambo. Nawashukuru kwa kuja, maana najua wengi wenu mmetoka zamu ya usiku na usingizi bado unawadai.

Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya safari ya mwezi wa Juni. Kila mwaka, wikendi ya Sikukuu ya Akina Baba, mji mdogo wa Forsyth, mashariki mwa jimbo letu hili la Montana, hupokea mamia ya watu wanaokuja kushindana kulenga shabaha za mbali kwa bunduki za mtindo wa zamani. Mashindano yenyewe yanaitwa Matthew Quigley Buffalo Rifle Match, kwa jina la mhusika wa filamu. Wenyeji husema "Quigley" tu, na wakisema hivyo kila mtu upande ule anajua wanasema nini. Ninaomba mwaka huu twende.

Kabla sijaeleza kwa nini, nina neno na baadhi yenu. Wapo humu ndani watu ambao kwao mlio wa bunduki haujawahi kuwa mchezo. Wapo waliolala porini na watoto mgongoni kwa sababu ya mlio huo, wakavuka ziwa usiku, wakakaa kambini Nyarugusu mpaka wale watoto wakawa watu wazima. Kwenu nasema hivi: mkibaki nyumbani hakuna atakayewaita waoga, na hakuna atakayekuja mlangoni kuwabembeleza. Baruti nyeusi ina mlio mzito unaotikisa kifua, na mchana kutwa haunyamazi. Mkijipima mkaona moyo haukubali, msije, na tukirudi tutawasimulia.

Lakini wapo pia waliokuja kwangu wakaniuliza: inakuwaje watu wakusanyike na bunduki mamia kwa mamia, watoto wakizunguka na aiskrimu mkononi, halafu jioni washindani walewale wakae kula pamoja? Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Jibu lake sikulipata kwa kuambiwa. Nililipata kwa kukaa nyuma ya mstari wa walengaji na kutazama kazi inavyofanyika. Na jibu lenyewe ni kwamba katika mchezo huu mtu akiwa peke yake hafiki mbali. Anahitaji jicho la jirani, na mara nyingi jirani huyo ni mtu anayeshindana naye.

Niwapeleke kwanza kwenye mahali penyewe. Forsyth iko kandokando ya mto Yellowstone, ndiyo makao makuu ya kaunti ya Rosebud. Kutoka hapa tunashika barabara kuu ya 90 mpaka Billings, kisha tunaingia ya 94 kuelekea mashariki. Kwa gari lenye watoto ni safari ya siku nzima. Ukiiacha Billings, milima inabaki nyuma, miti inapungua hadi ibaki ile ya ukingoni mwa mto, na baada ya hapo ni nyasi, vilima vya chini na anga. Uwanja wa mashindano ni shamba la mifugo. Walengaji hukaa kwenye mstari mrefu, na mbele yao, mbali kabisa ndani ya nyasi, yamesimamishwa mabamba ya chuma yaliyopakwa rangi.

Shabaha ni sita. Ya karibu iko yadi 350, ndizo mita 320, na hiyo hupigwa kwa kusimama wima, bunduki mikononi, bila egemeo lolote. Ya mbali kuliko zote ni bamba lenye umbo la nyati wa Marekani, yule baisani, nalo liko yadi 805, yaani mita 736. Kwa shabaha za mbali watu huketi chini na kuegemeza mtutu kwenye vijiti viwili vilivyopishanishwa na kufungwa. Kila mlengaji ana risasi 8 kwa kila shabaha, jumla 48. Ukigusa chuma, umepata, hata kama ni pembeni, ukikosa, kapa.

Bunduki zinazotumika ni za miundo ya karne ya 19. Nyingi ni za risasi moja moja: unafungua, unaweka risasi, unafunga, unapiga, unafungua tena. Mtawasikia wakitaja Sharps ya 1874, Remington, na Winchester ya 1885. Darubini juu ya bunduki hairuhusiwi. Mlengaji anachungulia kwenye kitundu kidogo kilicho nyuma, anaona kiduara kilicho kwenye ncha ya mtutu, na ndani ya kiduara kile anatafuta nyati ambaye kwa umbali ule amekuwa doa tu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye utamu wa mchezo.

Risasi inayopendwa sana kule inaitwa .45-70. Kipenyo chake ni milimita 11 na ushei. Kichwa chake cha risasi, kilichoyeyushwa na kumiminwa na mwenyewe nyumbani, mara nyingi kina uzito wa gramu 32 au zaidi. Ni kizito, na ni cha polepole: kinatoka mtutuni kwa mwendo wa mita kama 380 kwa sekunde, ambao haufiki hata nusu ya mwendo wa risasi nyingi za kisasa. Kwa hiyo kinaanguka sana njiani. Ili kimfikie nyati wa chuma aliye mita 736, mtutu unainuliwa uelekee mahali palipo mita kama 30 juu ya mgongo wake. Risasi inapanda, inafika kilele chake hewani, halafu inashuka kutoka juu. Safari hiyo inachukua zaidi ya sekunde mbili. Ikigonga chuma, mlio wa chuma nao unahitaji sekunde mbili nyingine kurudi masikioni. Mtu anafyatua, moshi mweupe unamfunika, unaondoka, naye bado anangoja, na wote walio nyuma yake wanangoja pamoja naye. Kisha unasikia kengele ya mbali, na watu wanaachia pumzi. Sijawahi kuona mchezo mwingine wenye ukimya wa namna hiyo katikati ya kishindo.

Na katika sekunde hizo mbili upepo unafanya kazi yake. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ambao kwenye nyika ile wanauita upepo mdogo, ukivuma kutoka ubavuni unaisogeza risasi ile kama mita tatu. Baisani mkubwa aliye hai ana urefu wa mita kama tatu. Yaani upepo ambao hapa mjini usingeangusha hata kofia yako unaiondoa risasi kwenye nyati mzima, kutoka pua hadi mkia. Tena haukai mahali pamoja: penye mlengaji unavuma hivi, bondeni unavuma vile, na karibu na shabaha umelala kabisa.

Wale mliovua dagaa Tanganyika mnajua jambo hili kuliko mimi. Mvuvi akiwa mtumbwini hausikilizi upepo wa usoni kwake tu. Anatazama uso wa maji kule mbele, anatazama jinsi taa za wenzake zinavyocheza, anajua ziwa litafanya nini kabla halijafanya. Mlengaji wa Forsyth naye anasoma nyasi. Anatazama zinavyoinama karibu, katikati na mbali, anatazama vumbi, anatazama moshi wa jirani aliyepiga kabla yake unaelekea wapi.

Lakini chombo chake kikubwa ni mazigazi. Jua likipanda, hewa iliyo juu ya nyasi inachemka na kuonekana ikitiririka. Ukitazama kwa darubini nzuri iliyosimamishwa kwenye miguu mitatu, unaona mazigazi yakikimbia kwenda kulia au kushoto, haraka au taratibu, kadiri upepo unavyoyasukuma. Yakiacha kukimbia na kuanza kupanda juu moja kwa moja, ujue upepo umelala, au unavuma kwenye mstari uleule wa risasi. Mara nyingi ni kitambo kifupi sana, na katika kitambo hicho ndimo mtu anapotakiwa kupiga.

Sasa nani atayatazama mazigazi? Mlengaji jicho lake liko kwenye kitundu, kidole chake kiko kwenye kifyatulio, pumzi ameishika. Hawezi. Na akishapiga, moshi unamziba, haoni risasi imetua wapi. Kwa hiyo pembeni yake, bega kwa bega, huketi mtazamaji mwenye darubini. Huyo ndiye anayemwambia: "Upepo umeongezeka, sogea kushoto. Ngoja. Ngoja kidogo. Sasa." Na baada ya risasi: "Vumbi limeruka chini ya tumbo, kulia. Panda kidogo." Mlengaji anazungusha skurubu ya kitundu chake kiasi alichoambiwa, anaweka risasi nyingine, anarudi. Anapiga kwa macho ya mtu mwingine. Anauamini mdomo wa jirani kuliko anavyoiamini ngozi yake mwenyewe inayohisi upepo.

Nimemwona mzee mwenye ndevu nyeupe akimtazamia msichana ambaye, kwa hesabu za ubao, alikuwa anamkaribia. Kila alilolisema lilikuwa kweli. Angeweza kumpoteza kwa neno moja tu, akasema "kulia" mahali pa "kushoto", na hakuna ambaye angejua. Yule binti aliposikika akigonga chuma mara ya tano mfululizo, mzee alipiga goti lake kwa kiganja kwa furaha kama yeye ndiye aliyepiga. Halafu wakabadilishana nafasi, binti akachukua darubini. Hakuna aliyewashangaa. Walionizunguka waliendelea kufuta mitutu yao na kupuliza pumzi ndani yake kwa vijibomba, maana unyevu wa pumzi hulainisha masizi ya baruti, na mtutu mkavu hupoteza shabaha.

Nasema haya hasa kwenu vijana wa kiume, ambao nawapenda na nawasikia mnavyozungumza. Wengi wenu mmekua mkiona bunduki mikononi mwa watu waliotaka kuogopwa. Mnadhani mwenye bunduki ni mtu asiyehitaji kuuliza. Nendeni mkawatazame mabingwa wa Forsyth. Wanauliza kuliko wote. Wanaulizana habari za baruti, za kiasi cha bati cha kuchanganya kwenye madini ya risasi, za upepo wa jana. Mtu akivunjikiwa na kitu, anaazimwa, akiishiwa, anagawiwa.

Sasa niwape kisa, ili mjue kwamba tabia hii haikuanza jana.

Mwaka 1873 timu ya Ireland ilitwaa ngao ya Elcho, ambayo wakati ule walengaji wa Uingereza, Scotland na Ireland waliigombania kama taji la shabaha za mbali. Kapteni wao, Arthur Blennerhassett Leech, akachapisha changamoto kwenye gazeti la New York Herald: Wamarekani, kama mna walengaji, tukutane. Klabu moja changa ya New York iliyojiita Amateur Rifle Club ikaitika. Wanachama wake walikuwa bado wageni kabisa katika shabaha za umbali ule, na bunduki za kufaa hawakuwa nazo. Viwanda vya Remington na Sharps vikaombwa vitengeneze, na mmoja wa waliokuja kupiga, L. L. Hepburn, alikuwa fundi wa Remington mwenyewe.

Walikutana tarehe 26 Septemba 1874 kwenye uwanja wa Creedmoor, kisiwa cha Long Island. Watu sita kila upande. Risasi 15 kila mtu kwa yadi 800, nyingine 15 kwa yadi 900, nyingine 15 kwa yadi 1,000. Maelfu ya watazamaji walikuja kutoka mjini. Wairishi walikuwa na bunduki za Rigby wa Dublin, za kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu kama magobore ya babu zetu, lakini zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Rigby mwenyewe alikuwa miongoni mwa walengaji. Wamarekani walikuwa na za kutiwa risasi kwa nyuma.

Katikati ya kupiga, Mwirishi mmoja, Milner, alilenga vizuri, akafyatua, akapiga katikati kabisa ya shabaha. Alama nne. Kumbe shabaha ile haikuwa yake, ilikuwa ya pembeni. Akaandikiwa sifuri.

Mwishoni Ireland ilikuwa na alama 931, Marekani 930, na risasi moja tu ilikuwa imebaki, ya Kanali John Bodine. Muda mfupi kabla, chupa ya kinywaji cha tangawizi ilikuwa imempasukia mkononi, damu ikawa inatoka. Akajifunga leso, akalala chini, akapiga. Katikati. Marekani 934, Ireland 931. Tofauti ya alama tatu, na Milner alikuwa amepoteza nne.

Fikirini wangeondokaje pale watu wenye roho ndogo. Wangeweza kugombana juu ya ile risasi ya Milner mpaka leo. Lakini katika ziara hiyohiyo Leech aliwapa walengaji wa Marekani kikombe cha fedha ili wakishindanie wao kwa wao. Kikombe hicho bado kinashindaniwa, na ni cha zamani kuliko vikombe vyote vya shabaha Marekani. Mwaka uliofuata, 1875, Wamarekani wakavuka bahari kwenda Dublin kurudisha ziara, na 1876 mataifa mengine yakaingia katika mashindano yanayoitwa Palma, ambayo nayo yanaendelea hadi sasa. Kwangu mimi kile kikombe cha aliyeshindwa kina uzito kuliko risasi ya Bodine, ingawa risasi ya Bodine ndiyo iliyoingia kwenye magazeti.

Na lile kosa la Milner ndilo la kwanza analolizuia mtazamaji wa leo. Kabla ya upepo, kabla ya mazigazi, mtazamaji mzuri anauliza: uko kwenye shabaha yako?

Lakini siwezi kuwaambia habari za 1874 nikaishia hapo, wakati mwaka uleule, bunduki za jina lilelile la Sharps zilikuwa zinafanya kazi nyingine kwenye nyika. Zilikuwa zinawamaliza baisani. Wawindaji walikaa mbali na kundi, wakaegemeza mtutu kwenye vijiti kama vile nilivyowaeleza, wakaangusha mnyama mmoja baada ya mwingine, wakachuna ngozi na kuacha nyama ioze juani. Hivyo vijiti vya Forsyth vimetoka huko. Huo umbali umetoka huko.

Tarehe 27 Juni 1874, kule Texas, wapiganaji wa Comanche, Kiowa na Cheyenne walivamia kituo cha wawindaji kilichoitwa Adobe Walls. Baisani walikuwa chakula chao, mahema yao, mavazi yao, na mkataba wa Medicine Lodge wa 1867 ulikuwa umewaahidi nchi ya kuwindia upande wa kusini. Wawindaji walikuwa chini ya thelathini, lakini bunduki zao zilifika mbali, nao hawakung'oka. Siku ya tatu mmoja wao, Billy Dixon, akaazima Sharps akampiga mpanda farasi aliyekuwa juu ya kilima. Umbali ulipopimwa baadaye ulisemwa ni yadi 1,538. Mwenyewe alisema ilikuwa bahati tu. Watu wa shabaha hupenda kuisimulia risasi hiyo. Mimi naisimulia pamoja na sababu iliyowaleta wale wapanda farasi.

Huku kwetu Montana baisani wa kaskazini walidumu kidogo zaidi, na katika miaka ya mwanzo ya 1880 wakamalizwa nao. Mwaka 1886 William Hornaday wa makumbusho ya Smithsonian alikuja Miles City, mji unaofuata baada ya Forsyth ukishuka na Yellowstone, akitafuta baisani wachache wa kuhifadhi kama mifano, akihofia kwamba karibu hapatakuwa na wa kuonyesha. Mwaka 1889 aliwahesabu waliosalia Amerika ya Kaskazini nzima, wa porini na wa kufugwa: 1,091. Kwenye nchi ambayo walikuwapo mamilioni.

Na Wacheyenne wa Kaskazini hawako kwenye vitabu tu. Hifadhi yao iko kusini mwa Forsyth. Mji wao wa Lame Deer uko katika kaunti ileile ya Rosebud. Sisi tunaojua maana ya kufukuzwa kwenye ardhi yenye makaburi ya babu zetu hatuwezi kukaa kwenye nyasi zile kwa siku mbili tukajifanya hatujui zilikuwa za nani. Ndiyo maana nimependekeza kwa kamati kwamba kabla ya Forsyth, twende kwanza hapa kaskazini yetu, Moiese, kwenye mbuga ya baisani. Mbuga hiyo ilianzishwa 1908, na sheria ya mwishoni mwa 2020 iliirudisha mikononi mwa makabila ya Salish na Kootenai, ambao ardhi ni yao. Ni mwendo wa saa moja na kidogo. Watoto wamwone baisani akila majani, wamsikie akikoroma, wajue ukubwa wake. Kisha wakifika Forsyth na kuona umbo lake yadi 805 wataelewa wanachokitazama. Nafurahi kwa dhati kwamba yule wa Forsyth ni wa chuma, na kwamba Jumapili jioni anabaki amesimama.

Nije kwenye mambo ya utaratibu, kwa haraka.

Kutazama hakuhitaji karatasi yoyote. Kushika bunduki ni jambo jingine. Mtu mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya utalii, kwa kawaida sheria ya taifa inamkataza kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa ana kibali kinachotambuliwa, kama leseni ya kuwinda. Asiye na karatasi kabisa, asiguse hata kwa kupigwa picha. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye kadi ya ukaazi wako katika fungu tofauti, lakini hata hao nawaomba waulize kwanza. Watu wa Forsyth ni wakarimu, watakwambia "karibu, jaribu", nao hawajui karatasi zako zinasemaje. Ukarimu wao usikuletee kesi.

Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, avae vizibo vya masikio tangu tunapokaribia mstari. Tutanunua vya kutosha. Miwani kwa watakaokaa karibu. Kwenye mstari kuna msimamizi, na neno lake halijadiliwi: akisema acheni, mikono yote inatoka kwenye bunduki, bunduki zote zinafunguliwa na kuachwa wazi. Hakuna mtoto atakayekwenda mbele ya mstari kwa sababu yoyote, hata mpira wake ukidondokea huko. Juni mashariki kuna jua kali, na mchana uleule inaweza kuja mvua ya radi. Chukueni kofia, maji na sweta. Kwenye nyasi ndefu kuna nyoka wa sumu, wale wanaotikisa mkia, kwa hiyo ndara ziachwe nyumbani, tuvae viatu vya kufunika mguu.

Jioni watu hula pamoja kwenye mahema na magari yao, na mtaalikwa, hilo sina shaka nalo. Tusiende mikono mitupu. Akina mama wa Uvira wamekwisha kusema watakaanga samaki. Watu wa Nairobi wameahidi chapati. Mimi nitabeba mkaa na jiko.

Na kwa wale wachache mnaotaka kujifunza mchezo wenyewe, si kutazama tu: msianze kwa kununua bunduki. Bunduki nzuri ya namna ile ni ghali, na wengi wanaoikimbilia huiuza kabla ya mwaka kwisha. Anzeni kwa darubini. Omba ukae karibu na mtazamaji, umwambie unataka kujifunza kusoma mazigazi, na uulize kila mara ulichokiona kama ndicho alichokiona yeye. Mtu anayejua kusoma upepo hakosi pa kukaa kwenye mstari ule. Walengaji watamtafuta wao.

Majina yanaandikwa mezani pale mlangoni. Magari tuliyo nayo yanatosha watu ishirini na tano. Tukizidi, mwenye gari kubwa ajitokeze leo ili tupange mafuta. Tunaondoka Ijumaa alfajiri. Mwenye swali la karatasi aanze yeye, maana wakili aliyekubali kutusaidia yuko nasi mpaka saa kumi.